Barua ya Wazi kwa Mabaraza ya Madiwani ya Dar es Salaam: Taarifa za Madarasa ya Awali Zibandikwe Getini

Kwa Waheshimiwa Mameya, Waheshimiwa Madiwani na Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Waheshimiwa,

Barua hii inaletwa kwenu hadharani, na si kwa kupitia masjala, kwa kuwa jambo inalolieleza si la mzazi mmoja wala la shule moja, bali ni la mkoa mzima ambao, kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ulikuwa na watu 5,383,728 katika halmashauri zenu tano. Kila mwaka, uandikishaji unapofunguliwa, wazazi wa watoto wanaofikia miaka 5 huhimizwa kuwapeleka katika madarasa ya awali ya shule za msingi za serikali, na wengi huitikia, lakini mwito huo hauambatani na taarifa yoyote ya maana kuhusu darasa ambalo mtoto anakwenda kukaa. Mnunuzi wa kilo moja ya mchele pale Tandale huonyeshwa mchele kabla ya kulipa. Mzazi huonyeshwa fomu. Shule zikaishia kulinganishwa kwa rangi ya ukuta, kwa sare na kwa maneno ya jirani, ilhali ofisi zenu zinazo takwimu ambazo zingeufanya ulinganisho huo kuwa wa haki. Ombi kuu ni kwamba takwimu hizo zitoke ofisini na zibandikwe mahali ambapo mzazi anapita.

Ni vyema istilahi zikawekwa sawa kabla ya hoja. Elimu ya awali, kama neno hilo linavyotumika hapa, ni hatua anayoipitia mtoto kabla ya darasa la kwanza, inayotolewa ndani ya shule ya msingi, chini ya mwalimu mkuu yuleyule na kwa mtaala wa taifa. Darasa lake ndilo darasa la awali, ambalo mitaani bado huitwa chekechea au vidudu. Haipaswi kuchanganywa na vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ambavyo viko chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii na ambavyo kazi yake ya kwanza ni malezi wakati mzazi yuko kazini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ndiyo iliyoiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, ikiipangia miaka miwili kwa watoto wa miaka 5 na 6. Sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na toleo lake la mwaka 2023 likabakiza mwaka mmoja wa lazima kabla ya elimu ya msingi ya miaka 6. Maana yake, waheshimiwa, ni kwamba mtoto wa leo ana siku 194 za masomo za kujiandaa, na akizimaliza akiwa amekaa sakafuni nyuma ya wenzake mia moja, hana mwaka wa pili wa kufidia.

Malalamiko na hoja zenyewe ni hizi zifuatazo.

1. Halmashauri hujipima kwa wastani, na wastani huwaficha watoto walio wengi. Kiwango cha taifa cha uwiano, yaani idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa darasa la awali, na hakuna diwani wa kata za pembezoni anayehitaji kuelezwa jinsi kiwango hicho kilivyo mbali na hali anayoiona. Tatizo ni kwamba hali hiyo inapoingia katika taarifa za vikao huwa imekwisha kusawazishwa na kuwa tarakimu moja. Ichukuliwe, kwa mfano wa kukisia tu, kata yenye madarasa mawili ya awali, moja likiwa na watoto 30 na jingine watoto 170, kila moja na mwalimu mmoja: taarifa itasema kwamba wastani ni watoto 100 kwa mwalimu, na mjumbe atakayeisoma ataamini kwamba hali ni mbaya kwa kiasi kinacholingana kwa wote. Lakini kati ya watoto 200 wa kata hiyo, 170 wako katika darasa moja, na endapo kila mtoto angeulizwa mko wangapi darasani, kisha majibu yao yakajumlishwa na kugawanywa kwa idadi yao, jawabu lingekuwa 149. Hesabu ya kwanza ni ya mwalimu na ofisi. Ya pili ni ya mtoto, nayo haiandikwi popote.

Jambo hili lina uzito wa pekee Dar es Salaam kwa sababu ya namna jiji lilivyokua. Shule za mji wa zamani zilijengwa mahali ambapo familia zilikuwa zikiishi, lakini nyumba nyingi za Kariakoo zimegeuka maduka na maghala, na familia changa zimefuata viwanja na vyumba vya bei nafuu Mbagala, Chanika, Goba na ng'ambo ya Kigamboni, ambako shule zilikuwa chache na ardhi ya kujengea nyingine ilikwisha kugawanywa kabla ya shule kufikiriwa. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ikaleta watoto ambao hapo awali wangebaki nyumbani, na hilo ni jema lisilopaswa kubezwa. Ila waliingia kupitia milango ileile. Halmashauri kama Jiji la Dar es Salaam, inayoanzia Kivukoni na kufika Chanika, au Kinondoni, inayoanzia ufukwe wa Oysterbay na kufika Mabwepande, ina ndani ya mipaka yake miji miwili tofauti, na wastani wa miji miwili ni mji ambao haupo.

2. Darasa la awali linapewa mwalimu anayebaki, badala ya mwalimu anayefaa. Vyuo vya ualimu nchini vinafundisha walimu wa elimu ya awali, na vyuo vikuu kadhaa vina shahada ya fani hiyo, kwa hiyo hoja kwamba utaalamu haupo imepitwa na wakati. Kinachotokea ni kwamba mwalimu mkuu hupimwa na wakubwa wake kwa matokeo ya darasa la nne na la saba, ambayo Baraza la Mitihani huyatangaza shule kwa shule, ilhali hakuna anayemuuliza lolote kuhusu darasa la awali; mwalimu akiugua, akihamishwa au akienda likizo ya uzazi, pengo la juu huzibwa kwa kumtoa mwalimu wa chini. Watoto wadogo hubaki na mwalimu wa kujitolea, yaani kijana asiye na ajira rasmi anayelipwa posho kutokana na michango ya wazazi pale inapopatikana, au hubaki na mwanafunzi wa darasa la sita aliyeagizwa awanyamazishe. Hilo si kosa la mwalimu mkuu kwa kiasi kikubwa, maana kila mtu hutengeneza kile anachoulizwa. Ni kosa la wale wanaouliza, na kati yao mmo nyinyi.

Ifahamike pia kwamba kufundisha watoto wa miaka 5 si kazi nyepesi inayohitaji nguvu ndogo kuliko kufundisha hesabu za darasa la saba. Mtaala unamtaka mwalimu aandae kona za ujifunzaji, ambazo ni sehemu za darasa zilizopangwa kwa makusudi, mojawapo ya vitabu na picha, nyingine ya vitu vya kuhesabu, nyingine ya maigizo ya nyumbani au dukani, ili mtoto ajifunze kwa kushika na kucheza. Unamtaka afarague zana kwa vizibo, mbegu na maboksi. Na unamtaka amfuatilie kila mtoto kwa jina na kwa hatua yake. Kwa watoto 25 kazi hiyo huchosha. Kwa watoto 150 haiwezekani, na mwalimu yeyote, hata aliyefuzu kwa alama za juu, atarudi kwenye njia pekee iliyobaki, ambayo ni kuandika a, e, i, o, u ubaoni na kuwaimbisha kwa pamoja hadi kengele.

3. Bila ada haijawa bila tofauti, na tofauti hiyo huamuliwa na mifuko ya wazazi wa mtaa husika. Ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha ambazo Serikali huzipeleka shuleni kwa kuhesabu wanafunzi, iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM, ulipoanza mwaka 2002, na elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 kiwango kilikuwa bado kilekile, ingawa bei ya ream ya karatasi haikumsubiri mtu. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulifafanua kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni wajibu wa mzazi, na kwamba michango ya lazima hairuhusiwi. Kwa mantiki hiyo shule mbili za serikali zilizoachana kwa kituo kimoja cha daladala zinaweza kuwa na sare moja, mtaala mmoja na ruzuku moja, kisha moja ikawa na uji, mwalimu msaidizi na mikeka kwa kuwa wazazi wake wana mishahara ya kuchangia kwa hiari, na nyingine ikakosa vyote hivyo kwa kuwa wazazi wake ni wabeba mizigo, mama lishe na wachuuzi wa kutembeza.

Suala la uji linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu ndilo linaloonyesha waziwazi jinsi hiari inavyomwangukia mtoto. Mtoto wa miaka 5 aliyeamshwa saa 11 alfajiri ili awahi shule, akaondoka nyumbani bila kunywa chochote, hawezi kusikiliza hadithi ifikapo saa 4 asubuhi. Panapopikwa uji kwa michango, mpishi au mwalimu hulazimika kuwa na orodha ya waliolipa, na asiye kwenye orodha huketi akitazama vikombe vya wenzake. Ni vigumu kufikiria somo baya zaidi la kumfundisha mtu katika mwaka wake wa kwanza wa shule ya umma. Jiji la Nairobi, ambalo nalo lina mitaa ya mabati na bajeti isiyotosha, lilianzisha mwaka 2023 mpango wa Dishi na Kaunti, ambapo jiko kubwa hupikia shule nyingi za umma, zikiwemo za chekechea, mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa mlo na sehemu kubwa ya gharama hubebwa na umma. Mpango huo una mapungufu yake na hauletwi hapa uigwe kama ulivyo. Unaletwa kwa sababu unathibitisha kwamba serikali ya jiji inaweza kuamua chakula cha mtoto mdogo ni jukumu lake, badala ya kukiacha kwa kamati ya shule isiyo na chochote.

4. Vyoo. Mwongozo wa taifa wa usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Pamoja na uhaba unaojulikana, mtoto wa awali ana shida ya ziada, kwa kuwa tundu lililochimbwa kwa kipimo cha mwanafunzi wa miaka 13 humtisha, na mtoto anayeogopa choo hujizuia hadi ajichafue, kisha huchekwa, kisha hukataa shule. Taarifa inayosema tu kwamba shule ina matundu kadhaa haimsaidii mzazi kujua kama lipo hata moja ambalo mwanawe anaweza kulitumia.

5. Njia ya kwenda shule haihesabiwi kabisa, wakati watoto wanavuka Barabara ya Kilwa, ya Mandela au ya Morogoro, au wanapita bonde la Msimbazi katika miezi ya masika. Vivyo hivyo mtoto mwenye ulemavu: mzazi wake huzunguka shule hadi shule akiuliza kama yupo mwalimu aliyesomea elimu maalumu, swali ambalo ofisi ya elimu ingelijibu kwa dakika moja.

6. Pingamizi zinazotarajiwa zinastahili kujibiwa. Itasemwa, kwanza, kwamba kulinganisha shule ni kuwaaibisha walimu, na kwamba hata Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na ndiyo maana barua hii haiombi shule zipangwe kwa nafasi wala watoto wa miaka 5 wapewe mtihani, jambo ambalo lingekuwa ukatili. Kinachoombwa ni kutangaza hali ambazo mwalimu hakuziumba: idadi ya watoto, idadi ya walimu, vyoo, maji, chakula. Aibu ya mambo hayo, ikiwepo, ni ya mwenye bajeti.

Itasemwa pia kwamba wazazi wakijua, watakimbilia shule chache zenye nafuu na kuzijaza. Wanakimbia tayari. Mzazi mwenye ndugu ofisini au mwenye nauli ya bodaboda ya kila siku huhamisha mwanawe kimyakimya, na yule asiye na njia hubaki. Usiri haujazuia mkondo huo, umewagawia tu faida wanaofahamiana. Halmashauri inaweza kuweka kipaumbele kwa watoto wa mtaa wenyewe, ikatangaza nafasi zilizosalia, na kila mtu akajua kanuni.

Na itasemwa kwamba hakuna fedha za kutangaza. Jibu la hilo liko katika historia ya shule zenyewe: wakati wa MMEM shule zilitakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo fedha zilizopokelewa na zilivyotumika, ili mwanakijiji asome. Mbao hizo katika shule nyingi bado zipo, zikiwa na tangazo la mwaka juzi la kikao cha wazazi. Karatasi moja kwa mwaka haitafilisi halmashauri yoyote.

7. Kwa sababu hizo, mabaraza yenu yanaombwa kupitisha maazimio yafuatayo na kuyasimamia.

Kila shule ya msingi ya serikali ibandike getini, kabla ya tarehe 1 Oktoba ya kila mwaka, karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoonyesha idadi ya watoto walioandikishwa katika darasa la awali na idadi ya mikondo yao, yaani makundi wanamogawanywa. Idadi ya walimu waliopangiwa darasa hilo na kama wamesomea elimu ya awali. Matundu ya vyoo yanayofaa kwa watoto wadogo. Kuwapo au kutokuwapo kwa maji. Kama kuna uji, unagharamiwa na nani na wangapi hawaupati. Saa ya kuingia na kutoka. Na huduma kwa watoto wenye ulemavu. Nakala za kata nzima ziwekwe katika ofisi ya mtendaji wa kata, ziwe katika jedwali moja, ili mzazi aweze kuzisoma kwa pamoja. Mwenyekiti wa kamati ya shule asaini pamoja na mwalimu mkuu, na wathibiti ubora wa shule, ambao kazi yao kisheria ni kukagua, wazihakiki kwa kushtukiza.

Taarifa ya elimu inayoletwa barazani kila robo mwaka iache kutoa wastani peke yake. Ioneshe darasa la awali lenye watoto wengi kuliko yote na lenye wachache kuliko yote katika kila kata, pamoja na hatua iliyochukuliwa tangu robo iliyopita. Azimio hili halina gharama yoyote, na pengine ndilo litakalopingwa zaidi.

Fedha za mapato ya ndani na walimu wapya waanzie chini ya jedwali hilo. Mradi wa kuimarisha elimu ya awali na msingi, maarufu kama BOOST, umejenga madarasa ya mfano ya awali yenye samani za kimo cha mtoto na michezo ya nje, na ni mazuri kuyatazama. Lakini darasa la mfano hujengwa mahali penye kiwanja, na kiwanja hakipo kule kwenye msongamano mkubwa zaidi. Halmashauri inayojua darasa lake la watoto 170 liko wapi inapaswa kununua nyumba jirani, kukodi ukumbi au kugawa mikondo ya asubuhi na mchana kabla ya kupaka rangi ya pili katika shule yenye nafasi.

Mwisho, mwalimu aliyeajiriwa kwa ajili ya elimu ya awali asihamishiwe darasa jingine bila kibali cha maandishi cha Afisa Elimu, na kibali hicho kibandikwe ubaoni pamoja na tarehe ya kurejea kwake.

Nakala ya barua hii inaelekezwa TAMISEMI, chombo kinachosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa kuwa halmashauri haziajiri walimu peke yake na hazipaswi kubebeshwa lawama zote. Majibu hata hivyo yanaombwa kutoka kwenu, katika kikao cha baraza la kila halmashauri cha robo ya Julai hadi Septemba, kikao ambacho kiko wazi kwa wananchi, na yaingizwe kwenye muhtasari yakiwa na jina la ofisi itakayotekeleza na tarehe ya kutekeleza.

Kwa heshima,

Mzazi na mlipakodi,
Dar es Salaam